Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukapanda huku juu kuja kutusikiliza.

Klabu yetu ilianza na wanafunzi tisa na mwalimu wa jiografia. Leo ni nguzo ya shule hii. Tumeotesha miparachichi, tunapima mvua kila asubuhi, na kila mwanachama anaweza kukueleza jinsi kaboni dioksidi inavyonasa joto linalopaa kutoka ardhini, na kwamba gesi hiyo imeongezeka kutoka sehemu 280 katika kila milioni ya hewa kabla ya enzi ya viwanda hadi zaidi ya 420 sasa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, elimu hiyo inatuuma tunapoingia jikoni. Chakula cha shule nzima bado kinapikwa kwa kuni, ilhali Serikali ilikwisha kuelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa kufikia Januari 31, 2024. Kaboni ya mti uliokatwa hurudi katika mti mwingine ukipandwa na kuachwa ukue, lakini kuni zetu huletwa na lori, na hakuna anayejua kama huko zilikokatwa kumepandwa chochote. Wapishi, ambao ni mama zetu, hukohoa tangu alfajiri.

Ombi letu ni moja: mtambo wa bayogesi. Ng'ombe wa shule wapo, na samadi yao ikioza pasipo hewa hutoa methani, gesi inayonasa joto kwa nguvu kuliko kaboni dioksidi. Tukiikusanya na kuiwasha tutapata moto wa kupikia uji wa asubuhi, na tope litakalobaki litarutubisha migomba. Makande ya mchana yatahitaji jiko banifu, nalo wazazi wameanza kulichangia.

Ahadi ya mtambo huu si ngeni masikioni mwetu. Mgeni aliyekutangulia katika kiti hicho aliitamka mbele ya wazazi hawa, wakapiga makofi, na Jumamosi iliyofuata wakaja na majembe wakachimba shimo. Masika mawili yamelijaza maji, nasi tumelizungushia miba wadogo zetu wa kidato cha kwanza wasitumbukie. Kwa unyenyekevu mkubwa tunakuomba, kabla hujaondoka, ukalitazame shimo hilo, kisha umtajie Mkuu wa Shule tarehe ambayo fundi atafika.

Tunaomba kuwasilisha.