Kama huwezi kuitaja kwa simu, hiyo linki haijakamilika

Sisi ni mafundi wa mifumo hapa Mwanza. Tulimkabidhi mama mmoja wa soko la Mwaloni pale Kirumba mfumo wa kupokea oda za dagaa, tukapongezana, tukachukua hela yetu ya mwisho tukasepa. Wiki ya pili akapiga. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. Mteja wake yuko Geita anataka kuangalia bei, kamuuliza naingia wapi mama, basi yeye akaanza kusoma kile kilichoandikwa juu kule kwenye brauza, namba nukta namba nukta namba, halafu nukta mbili, 8080, slashi, index.php, alama ya kuuliza, page sawasawa na... Alivyosema nukta mbili, yaani hii (:), yule mteja kaandika nukta mbili kweli, zimefuatana (..)! Mwisho akamwambia mama we nitumie picha ya bei WhatsApp yaishe.

Kosa lilikuwa letu. Mfumo unafanya kazi vizuri ila mlango wake tumeuacha na nyaya zinaning'inia nje. Ni sawa na mgeni anakuja kwako Mabatini, kule juu kwenye mawe, badala ya kumwambia shuka kituoni uliza kwa fulani wewe unampa namba ya nguzo ya TANESCO. Namba ni ya kweli lakini atafika saa ngapi?

Sasa yale madude ni nini. Zile namba za mwanzo ni anwani ya seva, yaani kompyuta iliyobeba mfumo. 8080 ni namba ya mlango kwenye hiyo seva, kwa kizungu chetu tunaita poti. Brauza yenyewe inajua kupiga hodi mlango wa 80, au 443 kama anwani inaanza na https, kwa hiyo developa akiuweka mfumo kwenye 8080 basi kila mteja inabidi aitaje hiyo namba kila siku, wakati haimhusu kabisa. index.php ni jina la faili la ndani ya mfumo. Na yale ya baada ya alama ya kuuliza, id=347 na wenzake, ni maagizo ya programu kwa programu. Mteja anataka dagaa, hajui 347 ni nini na wala asijue.

Kurekebisha sio kujenga mfumo upya, hapo watu wengi wanaogopa bure. Unasajili jina lako, mfano jinalako.co.tz, kwa wakala wa majina ya .tz, na tafadhali sana lisajiliwe kwa jina na imeili YAKO sio ya fundi, tukigombana kesho usije ukaniomba jina la duka lako mwenyewe. Kisha mbele ya mfumo tunaweka programu kama nginx au Apache inayopokea wageni mlango wa kawaida na kuwapitisha ndani kimyakimya hadi huko 8080. Hiyo hiyo tunaielekeza kwamba mtu akiandika jinalako.co.tz/dagaa, ndani ielewe ni ile index.php yenye mkia mrefu. Mteja haoni kitu. Cheti cha https nacho kipo cha bure cha Let's Encrypt, kinadumu muda mfupi tu ila seva inakihuisha yenyewe ukiipanga vizuri.

Kwenye jina ndo nataka tukae kidogo, maana sisi huku tuna jambo letu. Kisukuma hakina r. Kwa hiyo ukiita duka lako jina lenye r na l ndani, jua kuna shangazi Magu atakuandikia rahisi kwa l na kijana wa mjini atakuandikia kwa r na wote wana uhakika wako sahihi. Chagua jina lisilo na huo mtego, au nunua yote mawili moja lielekeze kwa lingine. Kistari katikati ya jina pia kinasumbua, mtu atauliza kistari cha juu au cha chini, na kile cha chini kwenye jina lenyewe hakiruhusiwi, na hata baada ya slashi, linki ikipigiwa mstari hakionekani kabisa. Herufi kubwa kwenye jina lenyewe hazina shida ila baada ya slashi, kwenye seva nyingi za Linux, /Dagaa na /dagaa ni vitu viwili tofauti, sisi tunalazimisha zote ziwe ndogo. Na usipandishe faili linaitwa BEI MPYA MACHI, zile nafasi zinageuka %20 %20 na linki inaonekana kama imepata ajali. (Hata zile slashi mbili baada ya http, Tim Berners-Lee aliyeianzisha web alikiri mwaka 2009 kwamba hazikuwa na ulazima. Tumeziandika miaka yote hiyo!)

Kama linki ya zamani ulishaichapa kwenye bango au iko kwenye magrupu, usiiue. Tunaweka maelekezo ya kudumu, mafundi wanaita 301, anayegusa ya zamani anatupwa kwenye mpya bila kujua.

Jambo moja watu wanadanganywa: anwani nzuri sio ulinzi. Kama mtu akibadilisha 347 kuwa 348 anaona risiti ya mwenzake, kuificha namba hakutibu, mfumo lazima uulize wewe nani kabla ya kuonyesha. Na kama linki yako imebeba ule msururu wa herufi wa kukutambua umeingia, ukiirusha kwenye grupu unaweza kuwa umewagawia ufunguo watu wote humo, huo tunautoa kwanza kabla ya urembo wowote.

Ila kama mfumo wako unatumiwa na makeshia watatu tu hapo dukani Makoroboi, usitupe hela, tutakuwekea alama (bookmark) kwenye brauza waguse mara moja. Ujue tu anwani inayoanza na 192.168 inafunguka kwenye mtandao wa hapo hapo dukani, bosi akiwa Nansio atakesha anajaribu na atalaumu bando.

Kabla hujaja kwetu fanya hivi, mpigie ndugu yako wa Sengerema, msomee anwani yako mara moja, mwambie aifungue. Akikuuliza "nini tena?" piga skrinshoti ya hapo juu kwenye brauza ututumie. Yule mama wa Mwaloni yake sasa kaipaka rangi kwenye vifuniko vya ndoo, kaiandika kwa herufi kubwa zote, na inafunguka.