Utetezi wa "sikuwapo" usidharauliwe

Bwana Mhariri,

Hapa Bukavu mshtakiwa akisema kwamba saa ya tukio alikuwa kwingine, watu huguna, hasa ikiwa mashahidi wake ni mke na shemeji. Mahakama za Ufilipino nazo zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba utetezi huo ni dhaifu mbele ya shahidi aliyemtambua mtu bila kusita, isipokuwa mshtakiwa athibitishe kuwa haikuwezekana kabisa awepo mahali pale. Sababu naielewa, kwani ni rahisi kuutunga. Lakini nani hulala nyumbani kwake mbele ya mashahidi wasio jamaa?

Mwaka 1896, London, Adolf Beck alihukumiwa miaka saba baada ya wanawake kadhaa kuapa kwamba ndiye aliyewatapeli, na jaji akakataa kupokea ushahidi kwamba mwaka 1877, tapeli mwenye mbinu zilezile alipofungwa, Beck alikuwa Peru. Mwaka 1904 alitiwa hatiani tena, kabla ya tapeli mwenyewe kukamatwa.

Kwa hiyo hakimu aanze na shahidi: palikuwa na mwanga gani, umbali gani, na je, alimjua mtu huyo awali? Kwetu Kadutu, umeme ukikatika, hata jirani tunamtambua kwa sauti, na mara nyingine tunakosea.

Msomaji wenu,
Kadutu, Bukavu