Mhariri, hicho kikaratasi cha maikrowevu sio boksi

Mhariri naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku. Mi ni fundi wa vitu vya umeme hapa Moro, pasi, redio, majiko, na mwezi huu tu wameshaniletea maikrowevu tatu zenye ugonjwa mmoja, ukiwasha inapiga cheche ndani kama mtu anachomelea geti. Ya mwisho ilishapita kwa fundi mwingine, nafungua mlango nakuta pale ukutani kulia kimechomekwa kipande cha boksi la biskuti, kimekatwa vizuuri kabisa, katikati kimeungua tundu jeusi.

Jamani! Kile kikaratasi kinachong'aa kinachotakiwa kukaa pale ni ulanga, wengine wanasema maika, ndo jiwe lile lile Wajerumani walilokuwa wanachimba huku Uluguru, ukilichokonoa kwa kucha linabanduka tabaka tabaka kama ganda la kitunguu. Pale linaziba mdomo ambao mawimbi ya magnetroni, kile kifaa kinachotengeneza mawimbi ya kupasha chakula, yanaingilia, mawimbi yanapita ila mafuta ya kuku hayapiti. Umeme halipitishi, na joto la nyuzi 500 linavumilia. Shida mafuta yakigandia pale yanaungua yanakuwa mkaa, na mkaa unapitisha umeme, ndo hizo cheche. Sasa mtu anatupa maikrowevu nzima wakati ni kununua shiti ya ulanga, unakata kwa mkasi kufuata ile ya zamani, unachomeka, kwisha. Ila kasha la nje usifungue mwenyewe, kapasita ya mle, kile kifaa kinachotunza umeme, inabaki na umeme hata ukichomoa waya.

Pasi za zamani zile nzito waya wa koili ulizungushwa kwenye ulanga huo huo, ukikatika nafungua nabadilisha. Siku hizi wanafukia koili kwenye unga wa magnesiamu oksaidi ndani ya bomba, ikifa imekufa, sisi mafundi tunakula wapi?

Halafu kuna ulanga wa kiwandani, wanatia florini, unavumilia hata zaidi ya nyuzi 1,000 na ni msafi, mweupe. Dada zetu wanaupaka machoni bila kujua, maana baadhi ya kampuni za vipodozi zimehamia huko baada ya kelele za watoto wanaookota ulanga mashimoni kule Jharkhand, India.

Yule mama mwenye ile maikrowevu ya mwisho nimemwekea shiti, nikamchemshia kikombe cha maji anaangalia, kimya, hakuna cheche. Kile kipande cha boksi kaondoka nacho kwenye pochi, anasema anampelekea fundi wake.

Fundi, Morogoro