Kupinga hataza ya antena nyingi si wizi

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu kampuni zilizoiomba Ofisi ya Hataza na Alama za Biashara ya Marekani ichunguze upya hataza (haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake) ya mawasiliano yasiyotumia waya kwa antena nyingi. Kichwa cha habari kilisema hataza hiyo imefutwa, na aya za mwisho ziliwaita walioomba uchunguzi huo wezi wa jasho la mvumbuzi. Naomba nafasi niyajibu yote mawili, kwa kuwa nimefundisha somo la antena kwa miaka mingi na ningependa wanafunzi wangu wasome gazetini jambo lile lile wanalolisikia darasani.

Kuhusu kichwa cha habari sitasema mengi. Kwa maelezo ya makala yenyewe, kilichotokea ni kwamba Bodi ya Kesi na Rufaa za Hataza, iliyo ndani ya ofisi hiyo, imekubali kulisikiliza ombi. Ili ombi likubaliwe, mwombaji hutakiwa aonyeshe kwamba anaelekea kushinda kwa angalau dai moja kati ya madai ya hataza, yaani sentensi zinazotaja mipaka ya kile kinacholindwa. Baada ya hapo pande zote mbili huleta ushahidi, wataalamu huhojiwa, na jopo la majaji watatu wa Bodi huwa na mwaka mmoja, unaoweza kuongezwa miezi sita, kutoa uamuzi wa mwisho. Tangu Mahakama Kuu ya Marekani iamue hivyo mwaka 2018, ombi likishakubaliwa Bodi ni lazima itoe uamuzi juu ya kila dai lililopingwa, hata yale ambayo hoja dhidi yake ni dhaifu. Aliyeshindwa anaweza kukata rufaa, na madai hayafutwi kwenye daftari mpaka rufaa imalizike na ofisi itoe hati ya kuyafuta. Mwandishi wenu amezika mgonjwa ambaye ndiyo kwanza anapokelewa hospitalini.

Hilo la wizi ndilo zito. Hataza ni mapatano baina ya mvumbuzi na umma: yeye anaeleza hadharani kitu kipya, ambacho fundi wa kawaida wa fani hiyo asingekifikia kwa urahisi, na umma unampa haki ya kuwazuia wengine kwa miaka 20 tangu siku alipowasilisha maombi. Anayekagua maombi hayo ni mtumishi mmoja mwenye saa chache na rundo kubwa mezani. Akipitiwa na makala moja ya zamani, umma unakuwa umelipia kitu ambacho tayari kilikuwa chake. Kwa sababu hiyo sheria iliyotiwa saini mwaka 2011 ilifungua njia, tangu tarehe 16 Septemba 2012, ya mtu yeyote asiye mmiliki kuomba hataza ipitiwe upya kwa hoja mbili tu, kwamba si mpya au kwamba ni jambo la wazi kwa mtaalamu, na kwa ushahidi wa hataza nyingine na machapisho pekee. Mahakama Kuu ilipoulizwa mwaka 2018 kama utaratibu huo unavunja katiba, ilijibu kwamba hauvunji, kwa kuwa serikali inayotoa haki hiyo ina mamlaka ya kuitazama tena.

Sasa niingie kwenye antena zenyewe, maana makala yenu ilizipita haraka mno. Wazee wenzangu wanakumbuka televisheni za antena ya juu ya paa, ambapo mtangazaji alionekana na kivuli chake pembeni kwa sababu wimbi moja lilifika moja kwa moja na jingine lilifika likiwa limechelewa baada ya kugonga ukuta au paa la bati la jirani. Kwa miongo mingi wahandisi waliuona mgongano huo kuwa kero. Teknolojia ya antena nyingi iliigeuza kero hiyo kuwa mtaji: data inagawanywa katika mikondo kadhaa, kila mkondo unatoka kwenye antena yake kwa masafa yale yale na wakati ule ule, na mpokeaji mwenye antena kadhaa anaitenganisha kwa sababu kila mmoja umepita njia tofauti kabla ya kumfikia. Ukitazama ruta ya Wi-Fi yenye masikio matatu au manne, hiyo ndiyo kazi yanayoifanya.

Nani wa kwanza? Wengi hutaja hataza ya Paulraj na Kailath wa Chuo Kikuu cha Stanford, iliyoombwa mwaka 1992 na kutolewa mwaka 1994, ambayo muda wake umekwisha kitambo. Lakini ifungueni muisome. Jina lake linazungumzia kuongeza uwezo wa mifumo ya utangazaji, na maelezo yake ni ya vituo vya kurushia vilivyotengana, vinavyotuma vipande vya ishara moja katika chaneli moja, na mpokeaji anayevitenganisha kwa kutambua upande kila kimoja kinakotokea. Kabla yake, mwaka 1987, Jack Winters wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, alikuwa amechapisha hesabu za uwezo wa mfumo wenye antena nyingi pande zote mbili, na mwaka 1970 watafiti Kaye na George walikwisha kuandika juu ya kupeleka ishara kadhaa kwa pamoja kupitia njia nyingi. Je, makala hizo zinaiangusha hataza ya Stanford? Hapo mtu hawezi kujibu kwa kutazama wazo kwa ujumla. Huchukuliwa dai moja, likavunjwa kipengele kwa kipengele: kugawanya ishara, kutenganisha vituo, kutumia chaneli moja, kutambua upande. Waraka mmoja wa zamani ukiwa na vipengele vyote, dai si jipya. Ukikosa kimoja, mpingaji atafute waraka wa pili na aeleze kwa nini mtaalamu wa wakati ule angeviunganisha viwili hivyo. Ni kazi ya subira inayofanana na ya fundi saa, na sioni mwizi anayeweza kuivumilia.

Tarehe nazo zina visa vyake. Emre Telatar aliandika mwaka 1995, ndani ya Bell Labs, waraka ambao wanafunzi wangu wote huunukuu, lakini jarida liliuchapisha mwaka 1999. Mpingaji anayetaka kuutumia dhidi ya maombi ya mwaka 1997, kwa mfano, ni lazima athibitishe kwamba kabla ya hapo mtu wa nje mwenye kutafuta kwa bidii angeweza kuupata. Mahakama ya rufaa ya Marekani iliwahi kukubali, mwaka 1986, kwamba tasnifu moja iliyoorodheshwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Freiburg, Ujerumani, ni chapisho la kutosha. Miaka mitatu baadaye ikazikataa tasnifu za wanafunzi wa Reed College, Oregon, kwa sababu kadi zake, ambazo nyingine zilikaa kwenye boksi la viatu katika idara ya kemia, zilipangwa kwa majina ya waandishi bila kuonyesha mada. Kwa mantiki hiyo hiyo, tasnifu ya uzamili iliyopangwa kwa mada katika maktaba ya Nairobi au ya Mlimani inaweza kuitikisa hataza ya mabilioni, na iliyotupwa stoo haiwezi. Wakuu wa maktaba zetu walifikirie hilo wanapoomba bajeti.

Sikatai kwamba wamiliki wana manung'uniko ya haki. Mahakamani hataza hudhaniwa kuwa halali na mpingaji hutakiwa alete ushahidi ulio wazi na wa kushawishi, kama Mahakama Kuu ilivyosisitiza mwaka 2011. Mbele ya Bodi inatosha ushahidi uelemee upande wake. Ada za ofisi, zinazopita dola 40,000 kwa ombi linalofika mwisho, hulipwa na mpingaji, lakini mmiliki naye hulipa mawakili wake kila anapopingwa, kwa hiyo mvumbuzi mdogo anayepingwa na kampuni tatu kwa zamu anaweza kuchoka kabla hajashindwa. Sheria imeweka breki, kwamba aliyeshitakiwa asiombe mapitio baada ya mwaka mmoja tangu akabidhiwe mashitaka, na mimi ningependa breki nyingine dhidi ya maombi ya kurudiarudia. Kenya, katika sheria yake ya mwaka 2001, imempa mtu mwenye maslahi miezi tisa tangu kuchapishwa kwa utoaji wa hataza aende kwenye baraza linalosikiliza migogoro ya hataza kuomba ifutwe. Muda huo naona ni mfupi mno kwa teknolojia ambayo thamani yake huonekana baada ya miaka kumi, ila angalau mmiliki anajua lini atalala usingizi.

Ninachoomba kwenu ni masahihisho ya kichwa kile cha habari katika toleo lijalo, na habari hii itakaporudi mtutajie mambo matatu ambayo makala haikuyataja: ni madai mangapi yanayopingwa, ni nyaraka zipi zinazotumika dhidi yake, na zilichapishwa lini.

Mhandisi wa mawasiliano,
Dar es Salaam