Wapigapicha, pimeni tovuti kwa picha zenu wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme na wapigapicha wa Unguja na Pemba, na pia na mafundi wenzangu tunaowatengenezea tovuti za kuonyeshea kazi zao.

Mpigapicha anapotaka tovuti, kitu cha kwanza anachofunguliwa ni violezo vya mfano, yaani kurasa zilizokwisha kupangwa ambazo yeye huweka picha zake tu. Vinapendeza kweli: mlima wenye theluji, msichana aliyesimama pembeni ya fremu, kikombe cha kahawa juu ya meza ya mbao. Aliyetengeneza kiolezo alizichagua picha hizo kwa sababu zinakaa sawasawa ndani ya visanduku vyake. Karibu zote zimelala (upana umezidi kimo), zina nafasi tupu ya kuandikia, na mwanga wake ni wa aina moja. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ukiziondoa picha zile ukaweka zako, ndipo unapokiona kiolezo chenyewe kilivyo, na aghalabu wakati huo pesa zimeshalipwa.

Chukua picha ya mlango wa Mji Mkongwe. Imepigwa wima, kama mlango unavyotaka. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya pikseli 4000 kwa 6000. Kiolezo chenye vijipicha vya mraba, yaani zile picha ndogo za kubofya, kitachukua 4000 kwa 4000 za katikati, kitupe 1000 za juu na 1000 za chini. Hiyo ni theluthi nzima ya picha. Na kule juu ndiko kwenye kizingiti kilichochongwa, ambacho katika milango mingi kina aya ya Kurani na mwaka. Mgeni anabaki akitazama misumari ya shaba na kufuli. Ngalawa nayo inakatwa ncha ya tanga, na bibi harusi anakatwa ushungi juu na hina ya miguuni chini.

Kwa hiyo hesabu picha zako kabla ya kutazama kiolezo chochote. Ikiwa zaidi ya robo ni za wima, achana na vijipicha vya mraba. Kuna mipangilio miwili mingine inayofaa. Mmoja hupanga picha kwa safu zenye kimo kimoja, upana ukafuata picha yenyewe. Wa pili hupanga kwa nguzo: upana mmoja, urefu tofauti. Mpangilio wa safu unamfaa anayesimulia jambo kwa mfuatano, kwa mfano harusi kuanzia nikaha hadi bwana harusi kumchukua mkewe, kwa sababu jicho linasoma kushoto kwenda kulia na picha zinabaki katika zamu yake. Nguzo huvuruga mfuatano huo: zikiwa tatu, picha ya pili inaruka kwenye nguzo ya pili, ya nne inarudi chini ya ya kwanza, na picha pana ya mji uliopigwa kutoka baharini inakuwa utepe mwembamba. Kwa picha mojamoja zisizotegemeana, za watu au za vyakula, nguzo zinapendeza zaidi.

Taabu kubwa kuliko zote iko kwenye ile picha ya kujaza skrini inayowekwa juu ya ukurasa wa mwanzo. Simu nyingi zinahesabiwa na kivinjari upana wa pikseli 360 na kimo cha karibu 800. Picha iliyolala ya uwiano wa 3 kwa 2, ikijazwa kimo cha 800, inahitaji upana wa 1200. Simu inaonyesha 360 tu. Yaani asilimia 30 ya picha ndiyo inayoonekana, na kwa kawaida ni ya katikati. Ukiweka picha ya mashindano ya ngalawa, chombo kimoja kushoto na kingine kulia, mwenye simu ataona maji matupu. Kiolezo kinachofaa kinakuruhusu kuweka picha ya pili, ya wima, kwa ajili ya simu, au kuchagua sehemu ya picha isiyokatwa. Kama hakina hata kimoja kati ya hayo mawili, kikatae. Picha zinazojibadilisha zenyewe juu ya ukurasa hazitatui jambo hili: zinaongeza uzito mara tatu au nne, na kila moja inakatwa vilevile.

Tukija kwenye uzito, hapa ndipo tovuti nyingi zinapofia. Faili la JPEG, muundo wa kawaida wa picha, likitoka kwenye kamera lina megabaiti 8 au zaidi. Picha 20 za namna hiyo ni megabaiti 160, na mteja aliyeko Wete kwa bando la siku hatazisubiri. Kwa picha ya kufunguliwa kikamilifu, upande mrefu uwe pikseli 2000, ubora wa JPEG 75 hadi 80 kati ya 100. Kijipicha kinatosha pikseli 600 hadi 800. Msiweke sheria ya kilobaiti peke yake, maana picha hazilingani: anga tupu hujibana vizuri, lakini mchanga, majani ya minazi na ukuta wa mawe ya matumbawe vina chembechembe nyingi, kwa hiyo faili hubaki kubwa kwa ubora uleule. Ukiilazimisha picha ya mchanga ilingane na ya anga, mchanga unageuka uji. Anga nayo ina ugonjwa wake: ukishusha ubora chini ya 60, rangi ya machweo inaanza kuonyesha ngazi ngazi badala ya kufifia taratibu.

Mwenye tovuti iliyojengwa kwa mfumo wa WordPress ajue kwamba tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, mfumo huo wenyewe hupunguza picha ya JPEG inayozidi pikseli 2560 na kutengeneza nakala ndogo kadhaa, huku faili lako la asili likibaki kwenye seva na kula nafasi. Basi punguza kabla ya kupakia. Na wakati wa kutoa picha kwenye programu ya kuhariri, chagua rangi za sRGB, ambazo ndizo za kawaida za skrini. Wapo wanaotoa kwa Adobe RGB wakidhani ni bora zaidi. Kwenye tovuti, kijipicha kikishapoteza kumbukumbu ya rangi zake, ile feruzi ya bahari ya Paje inakuwa kijivu kama maji ya kufulia.

Violezo vingi siku hizi huchelewesha kupakua picha mpaka msomaji azifikie. Ni jambo zuri, kwa masharti mawili. Picha ya juu kabisa isicheleweshwe, kwani ndiyo inayosubiriwa. Google inapendekeza kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini ya kwanza kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Sharti la pili, kila picha itajiwe upana na urefu wake ndani ya ukurasa ili iwekewe nafasi mapema. Bila hivyo ukurasa unarukaruka wakati picha zinashuka, na mtu anayetaka kubofya picha ya tatu anajikuta amefungua ya tano.

Rangi ya nyuma watu huichagua kwa mazoea: nyeusi kwa sababu inaonekana ya kisanii. Fikirini mteja anatazama wapi. Anayekaa barazani au ufukweni saa saba za mchana, skrini nyeusi inamgeukia kioo; anauona uso wake kuliko picha. Nyeupe kabisa nayo inammeza bibi harusi wa shela jeupe, kingo za picha zinapotea. Kijivu chepesi sana kinaepusha matatizo yote mawili. Nyeusi iachiwe anayepiga ngoma za usiku na majukwaa, na hata hapo iwe kijivu kizito. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe yaepukwe. Kipimo kinachotumika duniani ni uwiano wa 4.5 kwa 1 kati ya herufi na rangi ya nyuma.

Jingine dogo ambalo halionekani kwenye mfano: vitufe vimepimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Ukiandika "Wasiliana nasi" au "Weka nafasi yako", kitufe kinavunjika mistari miwili na menyu inashuka juu ya picha. Jaribuni kwa maneno yenu halisi.

Sasa niseme la faragha, ambalo kwetu si la kupuuza. Harusi zetu zina sherehe za wanawake peke yao, na familia huruhusu picha kwa kuaminiana. Mpigapicha anaambiwa kwamba kiolezo kina ukurasa wa siri kwa kila mteja, anaona amesalimika. Katika WordPress, ukurasa uliofungwa kwa neno la siri unamzuia mtu kuufungua ukurasa tu. Faili la picha lina anwani yake lenyewe, na aliye na anwani hiyo hulifungua bila kuulizwa kitu. Binamu mmoja akinakili anwani ya picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp, neno la siri halina kazi tena. Kwa hiyo picha za sherehe hizo zisipakiwe kwenye tovuti ya maonyesho hata kwa kufungwa. Mkabidhini mwenyewe mkononi, au kwa huduma inayotoa viungo vyenye muda wa kumalizika na inayozuia faili lenyewe. Kwenye maonyesho wekeni mikono yenye hina na piko, dhahabu, nguo kwa nyuma, na kwa sura yoyote ile pateni ridhaa ya maandishi kwanza. Uzuri wa kazi hauhitaji uso wa mtu asiyetaka kuonekana.

Vilevile picha za simu na za droni hubeba mahali zilipopigwa. Ondoeni kumbukumbu hiyo wakati wa kutoa picha, khasa za majumba ya watu na za mayai ya kasa kwenye fukwe za kisiwa cha Misali. Jina la mpigapicha na hakimiliki ndani ya faili vibaki. Angalieni kama programu ya kubana picha haivifuti, maana baadhi hufuta vyote kwa pamoja. Alama kubwa ya jina katikati ya picha inaharibu kazi kuliko inavyoilinda. Pikseli 2000 zinatosha kutazamia na hazitoshi kuchapia bango, na Zanzibar tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2003 na COSOZA, chombo cha hakimiliki, ya kukimbilia.

Kuhusu mfumo wa kujengea, sitasema mengi. Anayelipia Adobe kwa ajili ya Lightroom, programu ya kuhariri picha, tayari anapata Adobe Portfolio ya kujengea tovuti bila kuongeza malipo, na wengi hawajui. Kwenye Wix, mfumo mwingine wa kujengea tovuti, ukishajenga juu ya kiolezo huwezi kukibadilisha bila kuanza upya, basi pimeni vizuri kabla. WordPress ina uhuru mkubwa lakini inataka kusasishwa mara kwa mara, na asiyesasisha hudukuliwa. Jina la tovuti, liwe la .com au la .co.tz, lisajiliwe kwa jina na barua pepe ya mpigapicha mwenyewe. Likisajiliwa kwa jina la fundi, fundi akihama, jina limehama naye.

Kipimo chenyewe ni hiki. Chagueni picha 12, na zisiwe zile nzuri tu: nne za wima, nne zilizolala, moja pana sana, moja ya mchanga wa mchana, moja ya usiku, na moja ya kundi la watu ambamo vichwa viko karibu na ukingo. Zipakieni kwenye kiolezo katika muda wa majaribio. Fungueni kwa simu ya bei ya chini, kwa data ya mtandao wa simu, baada ya magharibi wakati mtandao umejaa. Tazameni nini kimekatwa, kisha zungusheni simu mtazame tena. Halafu fungueni picha moja na mbofye kitufe cha kurudi cha simu. Katika violezo vingi kitufe hicho hakifungi picha, kinamtoa mtu kwenye tovuti nzima, na aliyetoka hivyo harudi. Mwisho bofyeni kiungo cha WhatsApp. Baada ya wa.me/ inatakiwa 255 kisha tarakimu tisa, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Ile sifuri ya 07 ikibaki, ujumbe hauendi popote, na mpigapicha anakaa akidhani kazi hakuna.

Kwa mafundi wenzangu: tuache kumwonyesha mteja mfano na kumtaka achague. Tumwombe picha hizo 12 kabla ya kupokea malipo ya awali, tuzipakie kwenye violezo viwili vitatu, kisha tumtumie viungo avifungue nyumbani kwake, kwa simu yake mwenyewe.

Wako,
Mtengenezaji wa tovuti,
Mwanakwerekwe, Unguja