Malalamiko Kuhusu Vilengeo vya Gobore na Maelezo ya Ufungaji Yaliyokosewa

Denver, Colorado

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

YAH: KILENGEO CHA MBELE KILICHO KIFUPI NA KUNYIMWA MAREJESHO YA FEDHA

Mwezi Julai nilinunua kwenu seti ya vilengeo vya chuma, yaani vile vipande viwili vya kulengea vinavyofungwa juu ya mtutu, kwa ajili ya gobore langu la kaliba 50. Tangazo lenu lilitaja aina ya bunduki yangu waziwazi, nami nikaliamini. Ninalalamika kwamba kilengeo cha mbele ni kifupi mno kwa bunduki hiyo, kwamba karatasi ya maelezo iliyokuwemo kisandukuni inafundisha kinyume cha ukweli, na kwamba mmekataa kunirudishia fedha kwa sababu ya jambo ambalo ninyi wenyewe mliniagiza nilifanye.

Baada ya kuvifunga nilikwenda uwanja wa shabaha, nikaegemeza bunduki juu ya mifuko ya mchanga na kupiga risasi tano kwa umbali wa yadi 100, ambazo ni takriban mita 90. Kila mara nilipima baruti kwa kipimo kilekile, nikaishindilia risasi kwa mdeki (fimbo ya kushindilia) hadi kwenye alama niliyoiweka, na kabla ya kushindilia tena nikapitisha kitambaa ndani ya mtutu ili masizi yasibadili matokeo. Matundu yote matano yalikaribiana kiasi cha kufunikwa na kiganja, kwa hiyo bunduki haina kosa. Lakini yalikuwa sentimita 27 juu ya mahali nilipolenga, ilhali kilengeo cha nyuma nilikuwa nimekwisha kukishusha hadi mwisho wake.

Hapo nikafungua karatasi yenu. Imeandikwa kwamba risasi zikienda juu, mteja apunguze kilengeo cha mbele kwa tupa. Nilitii. Nilikisugua polepole, nikipima kila baada ya mapito machache, hadi kikapungua nusu milimita. Niliporudi kupiga, risasi zilikuwa zimepanda hadi kufikia sentimita 34 na zaidi. Ndipo nilipokaa chini nikaifikiri kazi yenyewe badala ya kuifuata karatasi. Kilengeo cha mbele kikiwa kirefu, mpigaji hulazimika kuinamisha mdomo wa bunduki ili kukilinganisha na pengo la kile cha nyuma, na risasi hushuka. Kikiwa kifupi, mdomo hunyanyuka na risasi hupanda. Kati ya vilengeo viwili vya bunduki yangu kuna sentimita 60, hivyo kila milimita 1 ya kilengeo cha mbele huihamisha risasi sentimita 15 kwa umbali ule. Kilengeo mlichoniuzia kilipungukiwa milimita 1.8 tangu kilipotoka kwenye kisanduku, na tupa mliyoniagiza kuitumia imeongeza upungufu huo hadi 2.3. Kirefu hupunguzwa, kifupi hakina dawa.

Nilipowaandikia, mhudumu wenu alijibu kwamba kifaa kilichoguswa na tupa hakirudishwi. Jibu hilo limeniumiza kuliko hasara yenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimemtumia picha ya karatasi yenu, na sentensi yenye agizo la tupa nimeipigia mstari.

Naomba mfahamu kinachoweza kutokea porini. Hapa Colorado msimu wa gobore ni siku 9 tu za mwezi Septemba, leseni hupatikana kwa kura, na sheria hairuhusu darubini, kwa hiyo mwindaji hana tegemeo isipokuwa vilengeo vya wazi. Risasi iliyolengwa kifuani mwa elki (aina ya kulungu mkubwa), nyuma ya bega, ikipanda sentimita 27 itapita juu ya mgongo wake au itamchana na kumwacha akimbilie msituni na jeraha. Gobore halina risasi ya pili ya haraka. Hadi baruti, risasi na mdeki vifanye kazi yake, mnyama ameshatoweka. Mteja asiyejaribu bunduki kwa umbali mrefu hatalijua kosa hili mpaka siku hiyo.

Kwa hiyo ninaomba mnirudishie fedha zote pamoja na gharama ya kutuma, au mnitumie kilengeo cha mbele kilicho kirefu kwa milimita 3 kuliko hiki nilicho nacho, ili nikipunguze mwenyewe hadi kipimo sahihi. Aidha, karatasi ile isahihishwe, na kila aliyenunua seti hii apewe taarifa kabla msimu haujaanza. Hili la mwisho nalitaka hata kama langu mtalikataa. Natarajia jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Nimeambatisha stakabadhi ya malipo, picha za shabaha zote mbili zikiwa na rula pembeni, nakala ya karatasi yenu, na tafsiri ya barua hii kwa Kiingereza.

Wenu,
Mteja (sahihi)