Habasoda haitoshi, Mwanaisha

Mkomani, Lamu

Sahibu yangu Mwanaisha,

Waambaje? Nisalimie mama na watoto. Huku kusi limeanza kuvuma, maboti ya Mokowe yanaturushia maji hadi ushungini, nami niko maabara na slaidi zangu za malaria.

Umeniuliza kuhusu Chagas, ule ugonjwa aliotahadharishwa shemeji kabla ya kwenda Brazili, na kama habasoda na asali zitamtia kinga ya kutosha kuulinda moyo. Huku kwetu ugonjwa huo haupo. Kimelea chake ni binamu wa kile cha malale kinachobebwa na mbung'o, ila tabia mbalimbali: cha malale huogelea nje ya seli, hiki huingia ndani. Chuoni nilionyeshwa slaidi yake. Kilikuwa kimejikunja mfano wa herufi C kati ya chembe nyekundu, na karibu na ncha ya nyuma kina nukta nzito ya zambarau. Daktari Carlos Chagas ndiye aliyeutambua mwaka 1909, huko Lassance, Brazili. Wanaoueneza ni kunguni wakubwa wa nyufa za kuta za udongo. Humuuma mtu usingizini, mara nyingi usoni, kisha wakanya papo hapo. Mtu akijikuna, amejipaka kimelea mwenyewe.

Kikifika kwenye seli ya moyo hupoteza mkia, kikawa kiduara, kikajigawa siku kadhaa mpaka seli ipasuke. Kinga hailali. Seli nyeupe humwaga interferoni gama, protini ya kupeleka taarifa, na hiyo huziamsha makrofaji, yaani seli zinazomeza vijidudu, zitengeneze oksidi ya nitriki, sumu kwa kimelea. Seli nyeupe nyingine, za aina ya seli T, huzisaka seli zilizoingiliwa na kuziua pamoja na mgeni wake. Kwenye ini hasara hiyo ingefidiwa upesi. Moyo sivyo: kijana hubadilisha takriban seli 1 katika 100 za misuli ya moyo kwa mwaka, na uzeeni hupungua zaidi. Panya akijificha baina ya mataruma ya jahazi, nahodha hatoboi ubao ilhali yuko katikati ya bahari.

Kwa hiyo mwili una breki. Kuna seli T za kutuliza wenzake, na kuna protini iitwayo interlukini 10 inayopoza uvimbe. Hata seli ya moyo yenyewe, ikishaingiliwa, huweza kuwasha protini za kuizuia isijiue (ingawa hapo kimelea nacho kinapata makao, sijui nicheke au nilie). Breki zikikaza mno, au kinga ikidhoofishwa na Ukimwi au dawa za kupandikizwa kiungo, vimelea hufurika upya na hata kufika ubongoni. Zikilegea, uvimbe huendelea miaka na miaka, kovu likachukua nafasi ya misuli, mapigo yakavurugika. Hadi asilimia 30 ya walioambukizwa huishia na moyo mgonjwa, wengi baada ya miaka mingi wakijiona wazima.

Sasa wale wanaotutangazia dawa za "kuongeza kinga" waulize: waongeze ipi, ya kushambulia au ya kutuliza? Habasoda mfungie, ni tamu na asali, lakini isiwe ndiyo tegemeo. Dawa yenyewe ni benzinidazoli, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa mapema.

Ninachokihofia zaidi ni juisi, maana shemeji namjua. Mwaka 2005 huko Santa Catarina watu waliambukizwa kwa juisi ya miwa iliyosagwa pamoja na kunguni, na juisi ya asai, tunda la huko, isiyochemshwa nayo imeshaleta balaa kaskazini mwa nchi ile. Barafu haikiui kimelea hiki. Anywe iliyopashwa moto kiwandani, au anywe madafu.

Akirudi apimwe kingamwili, yaani protini za kinga ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya kimelea, hata kama hana homa. Asije kwangu na hadubini: miezi michache ikipita, vimelea huadimika damuni, na mimi nitamwambia hana kitu ilhali anacho. Kipimo hicho maabara yetu haina, muulizieni Mombasa au Nairobi.

Wasalaam,
Zuhura